Nimeambiwa nichome madaftari yangu ya michoro

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa kike wa miaka sita. Nakuandikia usiku huu kwa sababu Jumamosi ijayo natakiwa kufanya jambo ambalo likishafanyika halirudi nyuma, na sijapata mtu wa kumwuliza.

Mimi huchora. Si mchoraji wa kuuza wala wa maonyesho. Nachora kwa penseli katika madaftari ya kawaida, na chini ya mchoro naandika mistari miwili mitatu ya shairi, kama itanijia. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka 15. Nachora vitu vidogo vya karibu nami: kiti kilichovunjika mguu, viatu vya marehemu mama, dirisha, mikono ya watu. Mikono hasa. Madaftari yaliyojaa sasa ni 11.

Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha maombi. Sina baya la kukisema. Nilifika pale nimechoka baada ya msiba wa mama, wakanipokea, wakanikalia matanga ambayo ndugu zangu wengine walishayasahau. Nilikuwa Mkristo wa jina tu. Sasa nalisoma Neno na naomba kwa moyo. Ndiyo maana maneno yao yana uzito kwangu.

Miezi miwili iliyopita, mama mmoja tunayemheshimu sana pale aliliona daftari ndani ya mkoba wangu. Akalifungua, akapekua kurasa chache, akaniuliza, "Saa zote hizi, mwanangu, ungekuwa umempa nani?" Nilikosa jibu. Akaniambia kwa upole kwamba kinachokula muda wa mtu ndicho mungu wake, na kwamba picha hizi ni sanamu yangu. Siku ile niliacha kuchora. Sasa kikundi kimepanga Jumamosi kila mmoja alete kitu kinachomzuia, tukichome pamoja. Wote wanajua mimi nitaleta nini.

Ningekuwa na hakika kwamba wamekosea, nisingekuandikia. Lakini lipo jambo linalonisuta. Wiki chache kabla ya maneno yale, dada yangu mkubwa alilazwa hospitali siku nne. Alinipigia simu jioni ya kwanza. Nilikuwa nachora, nikaiona inaita, nikaigeuza kifudifudi na kujiambia nitampigia nikimaliza. Nikasahau. Kesho yake mchana nikakumbuka, nikaona aibu, nikaahirisha, na aibu ikazaa aibu. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameshatoka, yuko kwake. Hakunilaumu. Lakini tangu hapo mazungumzo yetu ni salamu tu. Na nikwambie ukweli wote: jioni ile nilipomaliza mchoro niliuweka mtandaoni, na kila baada ya dakika chache nilikuwa nachungulia wangapi wameupenda. Simu hiyohiyo.

Kuna kingine. Zamani jioni nilikuwa nakaa mlangoni dakika kumi hivi, nasikiliza ndege wakirudi mitini. Sasa nikikaa nasikia sauti ikiniuliza mbona siombi. Juzi mvua ilinyesha, mwanangu akaniita dirishani tushindanishe matone kwenye kioo, kila mtu achague lake tuone lipi litafika chini kwanza. Ni mchezo wetu wa siku zote. Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi.

Na hili ndilo linalonichanganya kuliko yote. Nilitegemea nikiacha kuchora, maombi yatanoga. Yamekauka. Naomba saa nzima huku naitazama saa.

Je, niyachome?

Mwenye Madaftari


Marahaba, mwanangu.

Jumamosi usichome. Naanza na hilo kwa sababu siku zimebaki chache. Mengine yote tunaweza kuyatafakari taratibu, na tukiona tumekosea tukayarekebisha, ila daftari lililoungua halirekebishiki. Kama ni Mungu anayetaka uyaache, mwezi ujao atakuwa bado anataka, na mwaka ujao pia. Agizo lake halitachacha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mchoraji aliyeingiwa na hofu. Mara ya pili nikamwona dada yako. Umemweka katikati ya barua, baada ya mambo mengi na kabla ya mengine mengi, lakini uzito wote uko pale. Sidhani kama yule mama alipokuuliza "ungekuwa umempa nani" ulikosa jibu. Nadhani jibu lilikujia papo hapo, likiwa na jina la dada yako, ndipo ukanyamaza. Maneno yake yalikuingia kwa sababu yalikuta mlango uko wazi.

Kwa hiyo umebeba hatia mbili, nawe umezifunga kwa kamba moja. Ya kwanza ni yako: mgonjwa wako alikuita, ukaigeuza simu. Ya pili umepewa: kwamba mtu akikaa na penseli anamwibia Mungu. Sasa unataka kuilipa ile ya kwanza kwa kuiteketeza hii ya pili, na hailipiki hivyo. Choma madaftari yote 11. Dada yako atabaki palepale, na zile siku nne zake kitandani, na simu yake isiyopokelewa. Tena huenda hali ikawa mbaya zaidi, maana utajiona umekwisha kulipa, halafu utashangaa mbona salamu zenu hazijapata joto.

Wewe unalisoma Neno, basi fungua Mathayo sura ya 5, mstari wa 23 na wa 24. Mtu yuko madhabahuni, sadaka mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana hamwambii aharakishe kuitoa ndipo aende. Anamwambia aiache palepale mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, kisha arudi aitoe. Sioni mahali pengine panapokaa juu ya Jumamosi yako sawasawa kama hapo. Unakwenda na sadaka ya kuteketezwa, na ndugu yako ana neno juu yako.

Nenda kwa dada yako kabla ya Jumamosi. Usitume ujumbe, nenda. Mkishaketi mwambie hivi tu: "Uliponipigia jioni ile niliiona simu. Nilikuwa nachora, nikaigeuza. Kesho yake niliona aibu, nikazidi kunyamaza. Nimekukosea." Ishia hapo. Ulimi utataka kuongeza "lakini", uzuie. Usimweleze habari za kikundi, wala usimwambie kwamba unafikiria kuchoma madaftari kwa ajili yake. Ukimwambia hivyo utakuwa umemtwisha mzigo wa kukutuliza, na yeye ndiye aliyeumia. Akikasirika, mwache akasirike. Miezi yote hii hakukulaumu, na huenda kunyamaza huko kumemchosha kuliko wewe. Akilia, kaa. Akikuuliza ulikuwa unachora nini cha maana kiasi hicho, mwambie ni nini, usione haya.

Hilo ndilo la kwanza na kubwa. Sasa tuongee kuhusu sanamu.

Simdharau yule mama. Alikupokea ukiwa na msiba, na swali aliloliuliza ni swali zuri, kila mtu anapaswa kuulizwa mara moja moja. Kosa liko kwenye jibu alilokupa kabla hujajibu mwenyewe. Si kila kinachokula muda wa mtu ni mungu wake. Mtoto mchanga anakula muda wote wa mama yake. Mgonjwa anakula muda wa anayemuuguza. Usingizi unakula karibu theluthi ya maisha yetu, na hatuuchomi.

Nenda kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Musa yuko mlimani, anapewa maagizo ya hema, na Mungu anamtajia mtu kwa jina: Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Anasema amemjaza roho ya Mungu. Soma vizuri alijazwa kwa kazi gani. Hakuwa nabii wala kuhani. Alijazwa ili abuni kazi za ustadi, afanye kazi ya dhahabu na fedha na shaba, akate vito, achonge mti. Mikono, mwanangu, hiyo unayopenda kuichora. Akapewa na mwenzake, Oholiabu, wasaidiane.

Sasa geuza ukurasa. Sura ya 32, inayofuata palepale, ndiyo ya ndama wa dhahabu. Huko juu mlimani Mungu anamtaja fundi wa dhahabu; huku chini watu wanavua pete za masikioni, Haruni anashika patasi, anawatengenezea ndama. Dhahabu ni ileile na ufundi ni uleule. Kama palikuwa na siku ya kupiga marufuku kazi ya mikono katika taifa lile, ilikuwa siku ile. Musa alishuka akamchoma yule ndama, akamsaga mpaka akawa unga. Hatusomi kwamba aliivunja patasi. Na ukifika sura ya 35 unamkuta Musa huyohuyo amesimama mbele ya watu haohao, anamtaja tena Bezaleli, anawaita wote wenye moyo wa hekima waje wafanye kazi. Baada ya ndama! Kazi ya hema ilianza wakati majivu yale bado yapo kwenye kumbukumbu ya kila mmoja wao.

Kwa hiyo mimi sikuulizi kama kuna ndama nyumbani kwako. Huenda yupo. Nakuuliza ni yupi. Na barua yako inanionyesha alipo: ni ile simu uliyoigeuza kifudifudi dada yako alipoita, kisha ukaifunua kila baada ya dakika chache kuhesabu waliokupenda. Iliita kwa ajili ya mtu mmoja aliye kitandani ukaona usumbufu. Ilipokuletea watu usiowajua, ukaikimbilia. Nakuambia hili kwa uchungu kwa sababu najua litakuuma, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeliandika, kwa maneno mawili: simu hiyohiyo. Moyo wako ulishaona.

Basi hiyo ndiyo ya kuacha. Acha kuweka michoro mtandaoni kwa sasa, mpaka utakapoweza kumaliza mchoro, ukafunga daftari, ukaenda kulala bila kutamani kujua nani ameuona. Na ukiketi kuchora, simu ikae mbele yako, uso juu. Akiita mtu wako, penseli itasubiri. Mchoro uliokatizwa una uzuri wake, mistari haiozi.

Nataka nikusimulie habari ya mtu mmoja, kwa sababu aliwahi kusimama pale unaposimama. Gerard Manley Hopkins alikuwa kijana Mwingereza, mshairi wa kipaji kikubwa. Mwaka 1868, akiwa na miaka 23, aliamua kujiunga na shirika la Wajesuiti, watawa wa Kanisa Katoliki. Kabla ya kuingia, aliyachoma mashairi yake, akaazimia asiandike tena, isipokuwa wakubwa wake wa kidini wakitaka aandike. Hakuna aliyemwamuru. Alieleza mwenyewe baadaye katika barua kwa rafiki kwamba aliona ushairi hauendani na wito wake.

Kwa miaka saba hakutunga kitu cha maana. Ila ukifungua shajara zake za miaka hiyo unakuta jambo la kushangaza: hakuweza kuacha kutazama. Anaandika namna mawingu yanavyojipanga, namna jani linavyoshika mwanga, maji yanavyojikunja yakipita juu ya jiwe, maua ya mwituni akiyachunguza moja moja. Alifunga mlango wa mbele, na uzuri ukaendelea kuingia kupitia dirishani.

Desemba 1875 meli iliyoitwa Deutschland ilizama karibu na mdomo wa mto Thames. Kati ya waliokufa walikuwamo watawa watano wa kike waliofukuzwa kwao Ujerumani. Habari ile ilimchoma Hopkins, na alipomwambia mkubwa wake jinsi ilivyomgusa, yule akasema angependa mtu mmoja aitungie shairi. Neno hilo moja, la kupita tu, likatosha. Alitunga shairi refu, la ajabu, ambalo hata gazeti la shirika lake lilishindwa kulichapisha. Tangu hapo hakuacha tena. Alikufa mwaka 1889, na mashairi yake yalikusanywa na kutolewa kitabu mwaka 1918 na rafiki yake Robert Bridges, ambaye alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo. Leo yanasomwa na watu wengi wanaotafuta maneno ya kumwambia Mungu.

Sikwambii haya ili ujione nawe utasomwa baada ya miaka mia. Ninachotaka uone ni yule mkubwa wake. Miaka saba kijana anajinyima, anadhani kujinyima ndio utii, kumbe aliyepewa mamlaka juu yake hakuwa na kinyongo na ushairi. Alikuwa hajaulizwa tu. Na wewe, mwanangu, umemwuliza Mungu? Au ulipokea jibu la swali ambalo bado hujalipeleka kwake?

Mimi niliwahi kuchoma. Nilikuwa na miaka 22, nina daftari la nyimbo nilizotunga mwenyewe, nikaona furaha ninayoipata nikiziimba imezidi furaha ninayoipata nikiomba, nikaogopa. Nikachoma peke yangu nyuma ya nyumba. Miaka mitano baadaye baba yangu alifariki, na siku tulipokuwa tunapanga vitu vyake nikakumbuka kwamba kwenye ukurasa mmoja wa lile daftari alikuwa amenisahihishia vina, pembeni, kwa mwandiko wake. Sina mwandiko wake mwingine. Nyimbo nilizitunga tena, nyingine bora kuliko zile. Ule ukurasa sijaupata. Wewe umeniandikia kwamba ndani ya madaftari yako kuna viatu vya marehemu mama.

Kuna watu ambao wameitwa waache kitu kizuri, wakaacha, wakabarikiwa. Siwezi kulikana hilo. Lakini ipo njia ya zamani sana ya kujaribu, nayo ni kufunga. Mtu akifunga anaweka kitu pembeni kwa muda, kisha anasikiliza ndani yake kunasemaje. Wewe tayari umefunga miezi miwili! Hukuipa jina hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na matokeo umeniletea mwenyewe: maombi yamekauka, ndege wa jioni wamekuwa shtaka, na mtoto wa miaka sita amedanganywa kwamba mama ana kazi. Matunda ya mti huo umeyaona. Kama kuacha kuchora kungekuwa kunakusogeza kwa Mungu, nadhani mwanao angekuwa wa kwanza kufaidi.

Kuhusu maombi kukauka, nitakueleza ninavyolielewa. Kuchora mkono wa mtu ni kuutazama mpaka uuone. Unaona kidole kilichopinda kwa kazi, kovu, kucha iliyoliwa kwa wasiwasi. Ukishaviona hivyo, ukipiga magoti huombi tena kwa ajili ya "watu wote wenye shida". Unamwombea mwenye mkono ule. Miaka 19 ulikuwa unajifunza kutazama, na nina hakika sehemu kubwa ya maombi yako ilikuwa inakula humo bila wewe kujua. Ulipoifunga ile chemchemi, kisima cha pili nacho kikashuka. Si adhabu. Maji ni yaleyale.

Basi rudi taratibu. Anza na dakika 15 kwa siku, usizidishe mwezi wa kwanza. Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki Mjerumani ambaye alizaliwa mwaka 1685 na kufa 1750, alikuwa na desturi ninayoipenda. Juu ya karatasi za muziki wake mara nyingi aliandika herufi J.J., kwa Kilatini "Yesu, nisaidie." Mwishoni akaandika S.D.G., yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Aliziandika kwenye kazi za ibada, na hata kwenye baadhi ya kazi zisizo za ibada. Katikati ya herufi hizo mbili alikuwa anafanya kazi: anahesabu mapigo, anafuta, anarudia. Sidhani kama alikuwa akisimama kila baada ya nota kujiuliza kama anaabudu vya kutosha. Nawe omba unapofungua daftari, shukuru unapolifunga, na hapo katikati chora tu. Mguu wa kiti ukikushinda, uhangaikie mguu wa kiti.

Tena usijilazimishe sasa kuchora misalaba na njiwa ili uruhusiwe. Chora ulivyokuwa unachora. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwita binti yake asogee na wino na karatasi, kisha akaweka dini, adabu, ndoa na mambo ya nyumbani katika wosia mmoja. Hakuona kwamba nyumba iko mbali na Mungu kiasi cha kuhitaji utenzi wa peke yake. Yeye alikuwa Mwislamu na wewe ni Mkristo, lakini mama anayemwachia binti yake maneno mazuri, na Mungu akiwa ndani yake, nadhani unamwelewa.

Nimebakiwa na mvua.

Hili ndilo lililoniuma kuliko madaftari. Zaburi ya 104 inaitazama bahari, inawaona viumbe wasio na hesabu, inaona merikebu zinapita, halafu inamtaja Lewiathani, mnyama mkubwa wa kutisha, na kusema Mungu alimwumba acheze humo. Hakuambiwa afanye kazi humo. Ameumbwa acheze. Na Bwana aliposema tuyatazame maua ya mashamba jinsi yanavyomea, aliwaambia watu waliokuwa na wasiwasi wa chakula na mavazi, watu wenye shughuli kama wewe na mimi. Huwezi kutii neno hilo ukiwa unatembea haraka. Lazima usimame. Kuna amri inayotimizwa kwa kukaa mlangoni.

Lakini usiende dirishani kwa sababu ya Zaburi ya 104. Nimekutajia ili ile sauti ipate jibu ikikusumbua. Wewe nenda kwa sababu mtoto amekuita na matone yanakimbia. Usiyageuze kuwa somo la imani, usimwambie mwanao kwamba kila tone ni neema. Chagua tone lako, lishangilie, ushindwe. Ndege wakirudi mitini jioni, wasikilize kama ndege. Ukijikuta umeshukuru katikati, vizuri. Ukijikuta umesinzia, vizuri pia.

Jumamosi ikifika, nenda kikundini, usijifiche. Hao ndio waliokukalia matanga, na upendo wao ni wa kweli. Nenda mikono mitupu. Wakikuuliza madaftari yako wapi, sema: "Niliomba, nikaonyeshwa kwamba kilichonizuia si madaftari. Nilikuwa nimemkosea dada yangu, nimekwenda kwake." Hutakuwa umedanganya, kwa kuwa utakuwa umekwisha kwenda. Yule mama anaweza asiridhike. Mvumilie, na ukipata nafasi siku nyingine, mwonyeshe daftari kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa. Aliona kurasa chache tu. Kama bado unaogopa kwamba siku moja utayachoma ukiwa peke yako usiku, yatie kwenye sanduku umpe mumeo ayatunze. Wewe baki na daftari jipya na penseli moja.

Ukishatoka kwa dada yako niandikie, hata mistari miwili. Na kama mtakuwa mmeongea, na kama bado ana nafasi, mwulize kama atakubali uchore mikono yake. Nimepitia barua yako nikitafuta, na katika mikono yote uliyoitaja sikuona wake.

Shangazi